Américo Castro: Mwanafilolojia Aliyeandika Upya Historia ya Uhispania

Utangulizi

Suala la asili ya jamii limewashughulisha wanahistoria tangu jadi. Aghalabu jibu hutafutwa katika damu na nasaba. Américo Castro alilitafuta katika lugha na fasihi. Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya mtaalamu huyo, na kudokeza kwa nini yanamhusu msomi wa Kiswahili.

Maisha na Taaluma

Castro alizaliwa mwaka wa 1885 mjini Cantagalo, Brazili, wazazi wake wakiwa Wahispania, akalelewa katika eneo la Granada, kusini mwa Uhispania. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Granada, kisha Sorbonne, Paris. Mwaka wa 1915 aliteuliwa kuwa profesa wa historia ya lugha ya Kihispania mjini Madrid. Kitabu chake, El pensamiento de Cervantes (1925), kinachochunguza fikra za mwandishi wa Don Quijote, kilimjengea jina katika uhakiki. Jamhuri ilipoasisiwa mwaka wa 1931, alitumwa Berlin kuwa balozi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1936, Castro aliihama nchi yake. Alifundisha Argentina na baadaye Marekani, ambako alihudumu katika Chuo Kikuu cha Princeton kuanzia 1940 hadi 1953. Huko uhamishoni ndiko mwanafilolojia alikogeuka mwanahistoria.

Nadharia Yake na Upinzani

Mwaka wa 1948 alichapisha mjini Buenos Aires kitabu España en su historia, yaani 'Uhispania katika Historia Yake'. Alishikilia kwamba Wahispania hawakuwapo tangu enzi za Warumi wala za Wavisigothi. Kwa maoni yake, walichipuka baada ya mwaka wa 711, Waislamu walipoingia Rasi ya Iberia, kutokana na Wakristo, Waislamu na Wayahudi kuishi pamoja kwa karne nyingi. Wayahudi walifukuzwa mwaka wa 1492. Wamorisko, wazawa wa Waislamu waliobatizwa, wakafukuzwa kati ya 1609 na 1614.

Ushahidi wake mkuu ulikuwa fasihi. Fernando de Rojas, mwandishi wa La Celestina, alitoka katika ukoo wa Wayahudi waliobatizwa. Babu yake Teresa wa Ávila alikuwa Myahudi aliyebatizwa. Castro alizisoma kazi zao kama sauti za watu walioandamwa na shaka juu ya nasaba yao.

Hoja hizi zilikinzana na itikadi ya utawala wa Franco, uliotukuza umoja wa Kikatoliki. Hata hivyo, mpinzani wake mkali zaidi alikuwa mkimbizi mwenzake, Claudio Sánchez-Albornoz, aliyeishi Argentina. Katika España, un enigma histórico (1956), mwanahistoria huyu alidai kwamba tabia ya Wahispania ilitangulia kuja kwa Uislamu, na akamlaumu Castro kwa kuegemea mno matini za fasihi. Lawama hiyo ina uzito: Castro aliyapa masuala ya uchumi nafasi ndogo. Isitoshe, mauaji ya Wayahudi yaliyoanzia Seville mwaka wa 1391 yanatukumbusha kwamba kuishi pamoja si sawa na kuishi kwa amani.

Hitimisho

Mwaka wa 1970 Castro alichapisha kitabu akisisitiza kwamba hata neno español ni la kigeni, kutoka Provence. Alifariki mwaka wa 1972 huko Lloret de Mar, Uhispania. Msomi wa Kiswahili, ambaye jina la lugha yake linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya 'pwani', hatashangazwa na dai hilo. Tena, hasta na fulano za Kihispania zina chimbuko moja la Kiarabu na hata na fulani zetu. Anayedai kuwa Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya maneno kama hayo hana budi kusema vivyo hivyo kuhusu Kihispania. Lakini Kihispania ni tawi la Kilatini, na Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Mkopo haufuti asili ya lugha. Wala asili hiyo isiwe kisingizio cha kuuficha mkopo. Tusomapo tenzi na mashairi yetu, tuwasikilize wote waliochangia kuyaunda.