UFAFANUZI KUHUSU KUANZISHA KOMPYUTA KWA NJIA YA MTANDAO
Watumishi wa ofisi za Wilaya za Mbulu na Hanang wanafahamishwa kwamba kompyuta iliyoharibika diski yaweza kuanzishwa kwa mfumo endeshi uliohifadhiwa katika seva. Utaratibu huo, ujulikanao kama PXE, ulibuniwa na kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990. Kadi ya mtandao huomba anwani, kisha hupokea kutoka kwenye seva faili la kuanzishia. Kwa kawaida kadi hiyo huwa ya waya. Modemu ya simu na mtandao usiotumia waya havifai. Aidha, ombi hilo halivuki ruta isipokuwa ruta imepangwa kulipitisha. Hivyo yafaa seva iwekwe katika jengo lile lile, ili shughuli za wananchi wa Mbulu au Katesh zisisimame kumngojea fundi kutoka mbali.