Kompyuta yako ina walinzi wangapi? Jinsi ya kuchagua antivairasi moja na kuondoa nyingine bila kupoteza madeni yako

Leo tuache kidogo mambo ya mtaji na bei, tuongelee ile kompyuta unayotunzia hesabu za duka.

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunda alikuja na laptopu yake hapa kwenye steshenari yangu, Musoma. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. "Mwanangu, fundi anasema hii kompyuta imechoka, ipigwe Windows upya. Nikaona nipite kwanza kwako."

Nikamuuliza, "Mama, orodha yako ya madeni iko wapi?"

"Si iko humo humo."

"Na nakala nyingine?"

Akanyamaza.

Nilishtuka kwa sababu hilo somo mimi nililipia ada. Miaka ya nyuma kompyuta yangu ilikuwa nzito hivyo hivyo, nikakubali ipigwe Windows haraka haraka. Kila kitu kikafutika, pamoja na orodha ya shule nilizokuwa nazichapia mitihani kwa mkopo. Mwalimu mkuu mmoja wa huko Butiama alinifuata mwenyewe na daftari lake, akanionyesha kuwa nilikuwa namdai 86,000, akalipa. Wengine sikuwa na pa kuanzia. Huwezi kumdai mtu kwa "nadhani".

Basi tukaifungua ile laptopu ya mama. Ndani tukakuta antivairasi tatu. Ya kwanza ilikuja na kompyuta kwa majaribio, muda wake umeisha zamani. Ya pili ni ya bure, aliwekewa na kijana wa dukani. Ya tatu ilikuwa ya kukraki, ilitoka kwenye flashi ya mtu. Kila mmoja alidhani anasaidia.

Kwa nini walinzi wengi ni shida?

Antivairasi hukagua faili pale unapolifungua. Zikiwa mbili na zote zinafanya kazi, faili moja linakaguliwa mara mbili, na kila moja inaweza kuishuku mwenzake. Ni kama kuajiri walinzi wawili wasiojuana. Usiku wanakamatana wao kwa wao, mwizi anapita. Kompyuta inakuwa nzito, feni inalia kama mashine ya kusaga, na wewe unaambiwa imezeeka.

Uchague ipi?

Kama unatumia Windows 10 au 11, tayari unayo moja ndani: Microsoft Defender. Hailipiwi. Ukiweka antivairasi nyingine, kwa kawaida Defender inajizima yenyewe kuipisha. Ukiiondoa hiyo nyingine, Defender inarudi kazini. Kwa hiyo usiogope kwamba ukifuta utabaki bila ulinzi.

Kwa maoni yangu, duka dogo lenye kompyuta moja linatosheka na Defender, mradi uruhusu Windows ijisasishe. Ukiamua kununua nyingine, uliza kwanza mambo haya:

• Mwaka wa pili utalipa kiasi gani? Mara nyingi bei ya mwaka wa kwanza ni chambo.
• Leseni ni ya kompyuta ngapi?
• Inakubali toleo lako la Windows na uwezo wa kompyuta yako?

Ya kukraki usiweke kabisa. Unamkabidhi funguo za duka mlinzi ambaye hujui nani anamlipa. Na lile tangazo linaloruka ukiwa mtandaoni likisema kompyuta yako ina virusi, piga namba hii au bonyeza hapa, hiyo siyo antivairasi. Lifunge.

Jambo lingine: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako inaweza kubeba Windows 11, panga kuhamia.

Namna ya kuondoa kwa usafi

1. Nakala kwanza. Nakili mafaili ya biashara kwenye flashi safi au diski ya nje. Kisha fungua hiyo nakala uone kama inasomeka, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Ukimaliza, chomoa. Nakala iliyochomekwa muda wote inaweza kuliwa na kirusi kile kile.

2. Jaza chaji. Umeme ukikatika katikati ya kufuta, unabaki na programu nusu nusu, na hiyo ni ngumu zaidi kuondoa.

3. Kama ulikuwa unalipia, ingia kwenye akaunti yako uzime malipo yanayojirudia. Kufuta programu kwenye kompyuta hakuzuii kadi yako kukatwa hela mwakani.

4. Bonyeza Start, andika "Add or remove programs", fungua. Tafuta jina la antivairasi, kisha bonyeza "Uninstall". Soma kila kinachotokea. Mara nyingi utaletewa punguzo la bei, na kitufe kikubwa chenye rangi nzuri ndicho cha kukubakisha. Cha kuondoka ni kile kidogo pembeni. Usiende kufuta folda kwa mkono ndani ya "Program Files". Utatoa majani, mizizi itabaki.

5. Chagua "Restart", usichague "Shut down". Kwenye Windows za sasa, "Shut down" mara nyingi haifungi kila kitu, ili kesho kompyuta iwake haraka. "Restart" ndiyo inayomalizia usafi.

6. Kama imegoma kutoka, au imeacha mabaki, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza uchukue kifutio chao. McAfee wana MCPR, Norton wana Norton Remove and Reinstall, Avast wana Avast Uninstall Utility, ESET wana ESET Uninstaller, Kaspersky wana kavremover. Chukua kwa mwenyewe tu. Kifutio cha kuokota kwenye tovuti nyingine kinaweza kuwa ndicho kirusi.

7. Ondoa moja, "Restart", ndipo uende kwa inayofuata. Usizifute zote kwa mkupuo.

8. Mwisho hakikisha. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection". Hapo utaona ni nani anakulinda. Liwe jina moja tu. Sasisha, kisha fanya "Full scan". Inachukua muda, kwa hiyo iache wakati unakula chakula cha jioni.

Ile ya kukraki tuliiondoa ya kwanza. Baada ya zote tatu kutoka na ukaguzi kwisha, faili la madeni lililokuwa likichukua dakika kadhaa lilifunguka mara moja. Mama akashuka na orodha taratibu, jina kwa jina, mpaka mwisho. Akaniambia, "Huyu wa nondo nilikuwa nimemsahau kabisa." Nakala yake aliifunga kwenye pindo la khanga kabla hata hajasimama.

Niwe mkweli, siyo kila kompyuta nzito inaponywa hivi. Kuna diski inayokufa, kuna RAM ndogo, kuna kirusi kilichokwishaingia, na wakati mwingine kupiga Windows upya ndiyo dawa. Simlaumu fundi. Lakini hata hapo, nakala inatangulia. Fundi yeyote akikwambia "tupige Windows", jibu lako la kwanza liwe: "Subiri nitoe mafaili yangu."

Na kwa sisi wa steshenari na wote tunaopokea flashi za wateja: kabla hujafungua chochote, bonyeza flashi hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague "Scan with Microsoft Defender". Ukikuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato, usiyabonyeze na usiifomati. Mara nyingi mafaili halisi yamefichwa tu, bado yapo.

Kwa kifupi: mlinzi mmoja, masasisho yasikatike, nakala moja nje ya kompyuta. Leo jioni ukifunga hesabu, anza na hiyo nakala. Biashara njema.