Weita wa Honolulu aliyelea gavana

Bonifacio Cayetano alihama Ufilipino kutafuta riziki Hawaii. Ndoa ilipovunjika alibaki na wanawe wawili, na kazi iliyowalisha ndiyo iliyomweka mbali nao.

HAWAII ni visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, jimbo la Marekani tangu 1959. Kati ya 1994 na 2002 jimbo hilo liliongozwa na Ben Cayetano, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Ufilipino kuwa gavana katika jimbo lolote la nchi hiyo. Ya gavana yameandikwa sana. Anayestahili kukumbukwa pia ni aliyemlea: Bonifacio Marcos Cayetano, mhamiaji kutoka Urdaneta, mkoa wa Pangasinan, aliyekuwa mhudumu wa mezani katika klabu moja ya ufukweni.

Mkataba wa siku 720

Pangasinan iko kaskazini mwa Ufilipino, katika kisiwa cha Luzon, jirani na mikoa ya Ilocos. Huko ndiko mawakala wa chama cha wenye mashamba ya miwa ya Hawaii walikokwenda kutafuta vibarua. Kundi la kwanza, wanaume 15 tu, liliteremka bandarini Honolulu kutoka meli ya Doric tarehe 20 Desemba 1906. Hadi 1946 waliovuka bahari kwa njia hiyo walikuwa wamepita 100,000. Waliitwa sakada.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Aliyetimiza siku 720 za kazi aliahidiwa nauli ya kurudi kwao. Ujira ulikuwa mdogo: mwaka 1920, vibarua walipogoma, walikuwa wakilipwa senti 77 kwa siku na walidai dola 1.25. Mgomo mwingine, mwaka 1924, ulimwaga damu. Huko Hanapepe, kisiwani Kauai, wagomaji 16 na polisi 4 waliuawa.

Wengi wa wahamiaji hao walikuwa wanaume walioondoka peke yao. Mwaka 1930, miongoni mwa Wafilipino wa Hawaii, kila mwanamke mmoja alihesabiwa dhidi ya wanaume watano hivi. Kwa hiyo maelfu walizeekea kwenye kambi za mashamba bila mke wala mtoto, wakituma fedha nyumbani kwa wazazi na ndugu. Kwa mwanamume wa kizazi hicho, kuitwa baba lilikuwa jambo ambalo wenzake wengi hawakulipata.

Ndani ya mpaka, nje ya uraia

Anayeishi kwa kuvuka mipaka ataielewa hali yao haraka. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, hivyo Mfilipino aliweza kuingia Hawaii bila kuhesabiwa mgeni. Lakini raia hakuwa, na kwa kawaida hakuruhusiwa kuomba uraia. Mlango wa kuingilia kazini ulikuwa wazi. Ule wa kupigia kura umefungwa.

Mwaka 1934 sheria mpya iliweka tarehe ya uhuru wa Ufilipino, na papo hapo ikapunguza wahamiaji wake wa kuingia Marekani hadi 50 kwa mwaka, ingawa wenye mashamba wa Hawaii waliachiwa nafasi ya kuleta vibarua wakiwahitaji. Ni Julai 1946 tu ndipo Wafilipino walipoweza kuomba uraia. Ben alizaliwa Honolulu tarehe 14 Novemba 1939, akawa raia siku hiyo hiyo. Kwa watu wa rika la baba yake, mtoto mchanga alikuwa na haki ambayo mzazi hakuwa nayo.

Kalihi, mtaa wa wafanyakazi

Baba huyo hakuishia kwenye miwa. Alifanya kazi ya uweita Outrigger Canoe Club, klabu ya wapanda mitumbwi na mawimbi iliyoanzishwa 1908 ufukweni Waikiki, ambako wanachama walikuwa hasa wazungu wenye nafasi. Nyumbani kwake kulikuwa Kalihi, mtaa wa wahamiaji na wafanyakazi wa mshahara mdogo.

Ben alipokuwa na miaka sita, wazazi wake walitalikiana. Bonifacio alibaki na watoto wote wawili, Ben na mdogo wake. Mwanamume kulea peke yake halikuwa jambo la kawaida enzi hizo, tena mhamiaji wa kazi ya mezani.

Wahenga wanasema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Saa za kazi zilikuwa nyingi. Watoto walirudi kutoka shule wakafungua mlango wenyewe, na baba akarudi akiwa amechoka. Kila sahani aliyobeba Waikiki ilikuwa chakula cha Kalihi, na kila saa aliyokaa huko ilikuwa saa ambayo wanawe hawakuwa na mtu wa kuwauliza walikuwa wapi. Mtaa ukawa mlezi wa pili. Ben alikua akipigana na vijana wenzake, na alimaliza sekondari ya Farrington kwa shida.

Matunda yaliyochelewa

Kijana hakunyooka kwa siku moja. Alifunga vyuma chakavu, akaendesha lori, akajifunza ufundi umeme. Mwaka 1963, akiwa tayari na mke na watoto, alihamia Los Angeles kusoma. Alipata shahada ya kwanza UCLA mwaka 1968, kisha ya sheria Loyola mwaka 1971, akiwa na miaka 31. Akarudi nyumbani Honolulu, na mwaka 1974 akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Desemba 1994 aliapishwa kuwa gavana.

Ni rahisi kusema baba alifanikiwa kwa sababu mwana alipanda cheo. Lakini katika miaka ya Kalihi hakukuwa na dalili yoyote ya ugavana. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa Urdaneta ambaye angeweza kuwatawanya wanawe kwa watu na kuanza upya, kisha hakufanya hivyo. Alifunga aproni, akaenda kazini, akarudi kwa watoto wake. Kesho yake akaenda tena.