Lubunga: kwa nini njia ya beto ndani ya parsele inapasuka mbele ya mwaka kuisha

Mfuko wa simenti unaofika Lubunga umesafiri kuliko mifuko mingine ya Kisangani. Kati ya komini sita za mji, Lubunga ndiyo peke yake iko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, na daraja hakuna. Simenti inayopanda na mashua kutoka Kinshasa inapita zaidi ya kilomita 1,700 za mto. Ile inayotoka upande wa mashariki inakuja na malori kwenye barabara ya taifa namba 4. Mara nyingi zote zinashushwa ng'ambo ya kuume, kisha mwenye kununua anatafuta mtu wa kubeba mpaka kivukoni, analipa mtumbwi ao balenyeri, na huku ng'ambo analipa tena mtu wa kusukuma. Kila mkono unaogusa ule mfuko unaongeza bei.

Ndiyo maana njia ya beto (wengine wanaita zege) inapopasuka mbele ya mwaka kuisha, si aibu ya masoni tu. Ni feza ya minervali ya watoto imezikwa udongoni, na familia inarudi kutembea kwenye matope.

Njia hiyo si ya kujionyesha. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Maji ya mabati yanaanguka pahali pamoja, yanachimba udongo mwekundu, na kati ya mlango, jikoni, kisima na choo panakuwa utelezi. Mama mwenye ndoo ya litre 20 kichwani anapoanguka hapo, ni mguu uliovunjika ao mbaya zaidi. Hivyo familia inajinyima, inanunua mifuko michache, inaita masoni.

Kisha njia inapasuka, na jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba masoni aliiba simenti. Inaweza kutokea, ndiyo. Lakini mara nyingi mwizi ni maji: yaliyopita chini ya beto, yaliyozidi ndani yake wakati wa kukoroga, na yale yaliyokosekana juu yake siku zilizofuata.

Tuanze chini. Beto ya sentimita 8 haiwezi kujibeba yenyewe juu ya shimo. Ikiwa masoni amemwaga juu ya udongo laini, juu ya majani na takataka zilizozikwa, ao pahali palipojazwa jana bila kupigwapigwa, mvua kubwa ya kwanza itashusha udongo na beto itabaki hewani. Siku ile moto ao toleka iliyobeba magunia inapita, pah! Kuitambua njia ya namna hiyo ni rahisi: inagongwa na chuma kidogo kidogo, na pale inapolia kama ngoma, udongo wa chini umekwisha kwenda. Dawa yake inatakiwa mbele ya simenti. Udongo mweusi wa juu unaondolewa mpaka kufika udongo mgumu, panawekwa vipande vya matofali ya kuchoma ao mawe madogo, panamwagiwa maji kidogo na kupigwa na gogo zito mpaka mguu usiache alama. Kazi hiyo haiombi feza nyingi, inaomba jasho, na labda ndiyo sababu inarukwa.

Maji ya mvua pia yanapaswa kuonyeshwa njia ya kutoka. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ya upana unatosha, na nivo ya tuyo yenye maji ndani inaupima vizuri. Swali gumu ni kwamba maji yanakwenda wapi. Parsele nyingi za Lubunga zimebanana, na mwenye kuelekeza maji yake kwenye ukuta wa jirani anajenga njia na palaver kwa siku moja. Mashefu wa avenyi wanazijua kesi hizo. Maji yapelekwe kwenye kanivo ya avenyi, na kama kanivo imejaa mchanga, salongo ya Jumamosi ianzie hapo.

Sasa ndani ya beto. Mfuko mmoja wa kilo 50 unaomba karibu litre 25 za maji, na ikiwa mchanga umelowa, chini ya hapo. Wasaidizi wengi wanazidisha juu beto laini inasukumwa bila kuumiza mgongo. Lakini simenti inatumia sehemu tu ya maji hayo kujifunga. Yanayobaki yanakauka polepole na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana. Ndoo moja ya litre 10 ikiongezwa juu ya zile 25, beto inaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake ao zaidi. Kwa lugha ya bei: kati ya mifuko mitatu iliyovuka mto, mmoja umerudishwa mtoni. Beto nzuri ya kukanyagwa ni ile inayosimama kidogo kwenye sepetu, haitiririki kama uji.

Kipimo kinachojulikana kwa njia ya miguu ni mfuko mmoja wa simenti, ndoo 3 za litre 20 za mchanga na ndoo 5 za kokoto. Ni ndoo, si masepetu, kwa sababu sepetu ya asubuhi na ile ya saa sita mwenye kazi akiwa amechoka si sawa. Mchanga wa mto unafaa ukiwa safi. Ukisuguliwa mkononi na kuacha rangi ya udongo, uoshwe. Pahali kokoto ni ghali, watu wanavunja matofali ya kuchoma. Si vibaya kwa njia ya miguu, ila vipande vilowekwe kwanza, la sivyo vitakunywa maji ya simenti. Na simenti yenyewe iangaliwe: bonge linalovunjika kwa vidole halina neno, lakini lile linaloomba nyundo limekwisha kuwa jiwe. Mfuko uliolowa ndani ya mtumbwi haurudi kuwa simenti hata ukianikwa juani.

Kisha kuna jua, na hapa wengi wanadanganyika. Wanasema Kisangani si jangwa, hewa yetu ina maji, beto itakauka yenyewe vizuri. Katika nchi za Ghuba kama Oman, pahali joto la kiangazi linapita digrii 40, wajenzi wanamwaga beto usiku na hata kutia barafu kwenye maji ya kukorogea. Lubunga haihitaji barafu. Lakini beto haiulizi jina la nchi. Ikiwa imelazwa wazi ndani ya uwanja, mchana wa digrii 30 na zaidi, na upepo mdogo unaotangulia mvua, uso wake unakauka mbele ya simenti kumaliza kujifunga. Panatokea nyufa nyembamba kama nywele siku ile ile, na baada ya miezi uso unatoa unga kila mara unapofagiwa.

Beto haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa sababu simenti na maji vinaungana, na muungano huo unaendelea siku nyingi. Nguvu yake inapimwa baada ya siku 28. Ikinyimwa maji mapema, kazi inasimama katikati. Ndiyo maana inapaswa kukaa na ubichi siku 7. Asubuhi na jioni haitoshi ikiwa imeachwa uchi saa sita. Ifunikwe na magunia yaliyolowa, mchanga uliolowa, bashi ao majani ya migomba, na maji yaongezwe kila yanapokauka. Pahali maji yanachotwa mbali, pipa chini ya mabati linasaidia. Watoto wa nyumba wanaweza kazi hii kuliko masoni, ambaye amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Kuhusu saa ya kumwaga, huwezi kuiga Ghuba. Wao wanangoja jioni, lakini hapa mvua za radi mara nyingi zinakuja baada ya saa sita, na beto ya saa moja iliyopigwa na mvua inapoteza simenti yake ya juu. Afadhali kuanza alfajiri na kumaliza mbele ya saa nne. Miezi ya Desemba mpaka Februari, mvua inapopungua, ndiyo mizuri zaidi, ila jua lake linaomba kufunika kwa nguvu zaidi. Mbele ya beto kuwa ngumu, uso upitishwe fagio kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Masoni wanaopenda kulainisha kama kioo wanafurahisha macho, lakini uso laini ukiota utando wa kijani wa mvua, ni sabuni.

Hata iliyofanywa vizuri, beto inajikunja kidogo inapokauka, na itapasuka pahali fulani. Ni afadhali mwenye kazi achague pahali hapo. Kila mita 1 ao 1.5, mstari wenye kina cha sentimita 2 ukatwe na mwiko, ao ubao mwembamba uachwe kati ya kipande na kipande.

Na hii inaleta njia inayofaa mifuko ya watu wa Lubunga kuliko ile ya kumwaga yote kwa siku moja. Mfuko mmoja, kwa kipimo kile cha juu, unatoa karibu mita 1.5 za mraba kwa unene wa sentimita 8. Maana yake ni kipande kimoja kamili. Familia nyingi zinanunua mfuko leo, mwingine mwezi ujao, zinavirundika chumbani mpaka vifike sita ao saba vya kutosha njia ya mita 10, na huku ubichi unakula vile vya kwanza. Simenti iliyokaa miezi mitatu katika hewa hii imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Mwenye kumwaga kipande kimoja kila mara anapopata mfuko hapotezi kitu, na maunganisho yanajifanya yenyewe. Wengine wanatengeneza mapave madogo ndani ya kalibu ya mbao na kuyapanga juu ya mchanga. Ni polepole, lakini pave likivunjika linaondolewa lenyewe tu.

Kwa njia ya zamani iliyokwisha haribika, kishawishi kikubwa ni kupaka sentimita 2 za simenti juu yake. Inang'aa wiki chache, kisha inaanza kubanduka kama ngozi, kwa sababu ile ya chini bado inatembea. Kipande kilichozama ao kinacholia kama ngoma kivunjwe chote, mabaki yake yapigwe chini yawe msingi, na kipya kimwagwe kikitenganishwa na cha zamani kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Ufa mwembamba usio na upande uliopanda ao kushuka uachwe. Kama mzizi wa mwembe ndio unaoinua, hakuna beto itakayoushinda, njia izunguke.

Vyuma navyo havihitajiki kwa njia ya miguu. Vinafaa pale mlango wa parsele, pahali moto na magari vinaingia, na hapo unene uongezwe mpaka sentimita 10 ao 12. Watu wanaweza kukanyaga beto baada ya siku mbili, moto ingoje wiki. Na katika mapatano na masoni, siku 7 za kumwagia maji zitajwe mbele ya bei, na sehemu ya mwisho ya malipo ingoje siku ya nane.