Kriki gani ya kununua kwa kazi ya lupango?

Kwa motokari ya nyumbani, tunapenda kriki ya magurudumu, ile ya mafuta. Tani 2 zinatosha kwa IST; Land Cruiser inaomba tani 3, na kriki yenye kupanda juu sana. Wakati wa mvua, udongo wa lupango unameza yale magurudumu madogo: tandika chuma kipana chini.

Lakini feza zikiwa kidogo, usiache kununua shandeli mbili, zile nguzo fupi za chuma. Kriki kazi yake ni kuinua. Joint ikipasuka, mafuta yanatoka, motokari inashuka palepale. Wewe wa mine hauingie mahali paa haijafungwa. Na huku ni vilevile.

Kwa soko, omba muuzaji ainue motokari mbele yako, mungojee dakika kumi. Ikishuka hata kidogo, mwachie kriki yake.