Gari la zamani likipewa sauti, tuulize kwanza mikanda

Wamama wenzetu, wengi wetu tunalikumbuka gari jeusi la K 2000 kwenye televisheni, lililosema na dereva wake kama mtu. Filamu hiyo ilianza Marekani mwaka 1982, na gari lenyewe lilikuwa Pontiac Trans Am. Halikuwa na akili yoyote: sauti ilikuwa ya mwigizaji William Daniels, na lilipoonekana likijiendesha, dereva alikuwa amefichwa ndani ya kiti. Lakini miaka hiyohiyo Wafaransa waliuza Renault 25 iliyomwonya dereva kwa maneno.

Leo hata gari la babu linaweza kupewa sauti. Simu, spika, ekrani na kamera ya nyuma vinapatikana sokoni. Baba au kijana wa nyumba akitaka kuvitia, tusigombane naye. Feza ni ya jamaa yote, kwa hiyo tumuulize maswali matatu.

La kwanza: umeme utatoka wapi? Volkswagen Coccinelle za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilitumia volti 6, lakini vyombo vingi vya gari vya leo vinataka volti 12. Tena waya za zamani ngozi yake imekauka na kupasuka. Kila chombo kipya kipewe waya wake na fizibu yake karibu na batri. Bila fizibu, waya ukigusana na chuma unawaka, na gari linaweza kuungua. Chombo kisichozimika pamoja na ufunguo nacho kinamaliza batri usiku.

La pili: sauti itatuambia nini? Gari la zamani halina kompyuta inayojua hali ya moteri. Ekrani peke yake haijui kama maji yanachemka. Fundi lazima afunge vipimo kwenye maji na kwenye mafuta ya moteri. Sauti inayosema "Simama, moteri ina moto" inaokoa mali. Sauti inayosema "Bonjour" tu, hiyo ni mapambo.

La tatu, na ndilo kubwa: mikanda iko wapi? Mkanda unaoshika bega na kiuno ulitolewa na Volvo mwaka 1959, kazi ya injinia Nils Bohlin. Magari mengi ya wakati ule hayana mikanda nyuma, na nyuma ndiko watoto wetu wanakokaa. Mkanda unaweza kuongezwa, lakini fundi aufunge kwenye chuma kigumu cha gari, si kwenye bati jembamba, maana bati litapasuka siku ya ajali.

Basi tupange feza hivi: freni na mikanda kwanza, kisha waya na fizibu, kisha vipimo. Kikibaki kitu, gari na liseme. Ekrani inaweza kungoja mwezi mwingine. Mtoto aliye kwenye kiti cha nyuma anasafiri leo.