Kichwa Kinachouma Mara kwa Mara: Msongo wa Mawazo Unachangia Vipi?

Katika vituo vya afya vya Kisii na Nyamira, maumivu ya kichwa ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida. Wengi hudhani ni malaria, presha au macho, na hizo zote zinaweza kuwa sababu. Lakini mara nyingi vipimo vya malaria na presha vinapokuwa sawa, kinachosumbua ni maumivu ya kichwa yatokanayo na mkazo. Ndiyo aina ya maumivu ya kichwa inayowapata watu wengi zaidi duniani.

Dalili zake

Maumivu haya hubana pande zote mbili za kichwa, kana kwamba mtu amefungwa kitambaa kilichokazwa. Hayapigipigi, na kutembea au kufanya kazi za kawaida hakuyazidishi. Huweza kudumu kuanzia dakika 30 hadi siku 7. Shingo na mabega pia huweza kukaza. Yakitokea siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huhesabiwa kuwa sugu.

Akili inahusika vipi?

Mtu anapokuwa na wasiwasi, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari. Misuli ya shingo, mabega na taya hukaza bila yeye kujua. Wasiwasi huo ukiendelea kwa wiki nyingi, ubongo na mishipa ya fahamu huwa vyepesi kuhisi maumivu, hata mkazo mdogo ukauma. Usingizi nao hupungua, na kukosa usingizi huleta maumivu zaidi. Hatimaye mtu huanza kuogopa maumivu yenyewe, na hofu hiyo huyaongeza.

Mambo ya kumkosesha mtu utulivu si haba: karo ya Januari, bonasi ya chai isiyotosha madeni, au ugomvi wa ndugu kuhusu shamba dogo la urithi. Kazi pia huchangia. Mchongaji wa mawe kule Tabaka anayeinamisha shingo kutwa nzima huikaza misuli ile ile.

Kusema kwamba mawazo yanachangia si kusema kwamba mgonjwa anajifanya. Maumivu ni ya kweli. Aidha, sonona na wasiwasi uliozidi huonekana zaidi kwa wenye maumivu sugu, na magonjwa hayo yana tiba.

Tahadhari kuhusu dawa

Wengi hununua vidonge vya maumivu dukani kila siku. Dawa hizo husaidia zikitumiwa mara chache. Lakini kutumia dawa kama parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, kunaweza kuwa ndiko kunakosababisha kichwa kuuma. Vilevile si vyema kumeza dawa za malaria kabla ya kupimwa.

Tangu zamani Abagusii wamejulikana kwa omobari, mganga aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili kutibu maumivu yasiyoisha, hasa baada ya mtu kupigwa kichwani. Leo aliyeumia kichwa anapaswa kufikishwa hospitalini. Upasuaji wa namna hiyo unaweza kuleta maambukizi na kuvuja damu, na hauondoi maumivu yatokanayo na mkazo.

Hatua za kuchukua

• Andika siku kichwa kilipouma, usingizi ulivyokuwa, jambo lililokusumbua na dawa uliyotumia. Mpe mhudumu kumbukumbu hiyo.
• Lala na uamke saa zile zile. Kula kwa wakati na unywe maji ya kutosha.
• Kaza mabega kwa sekunde 5, kisha yaachilie huku ukipumua polepole. Rudia mara kadhaa.
• Pumzisha shingo kila baada ya muda ukiwa kazini, na utembee kila siku.
• Zungumza na mtu unayemwamini kuhusu linalokukera.

Maumivu yakiendelea, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au nenda zahanati iliyo karibu ukapimwe presha na malaria. Ukihitaji ushauri nasaha au matibabu zaidi, unaweza kupewa rufaa. Daktari anaweza pia kukuandikia dawa ya kuzuia maumivu sugu, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo.

Nenda hospitalini mara moja ikiwa:

• maumivu yameanza ghafla na ni makali kupindukia;
• kuna homa na shingo ngumu, degedege au kuchanganyikiwa;
• upande mmoja wa mwili umelegea, au maneno hayatoki vizuri;
• umeumia kichwa;
• wewe ni mjamzito au umejifungua karibuni, na unaona ukungu au umevimba uso;
• una umri wa zaidi ya miaka 50 na maumivu haya ni mapya kwako;
• una mawazo ya kujidhuru.